Shati Halifuliwi Leo

Numbi ametundika shati langu kwenye waya
bila kulitia majini.
"Acha kwanza nilisome," anasema.

Weusi wa makala mabegani,
na juu ya weusi, mistari myeupe
iliyopinda kama mito inayotafuta ziwa isilipate.
Anaweka kidole.
"Hapa ulikuwa unapanda."
Ndiyo.
"Hapa ulisimama muda, jasho likakauka."
Kwenye kizuizi. Yule mwenye kofia alitaka elfu mbili,
tukaelewana kwa ndoo ya makala.
"Na hapa?"

Hapo sijibu.

Hapo ni kilomita ya hamsini na kitu, barabara ya Kasenga,
mwezi wa kumi, mvua bado haijakumbuka njia ya Lubumbashi.
Magunia manne nyuma yangu.
Kinga, ndivyo tuitavyo baiskeli huku,
na siku ile haikunikinga na lolote.
Nilikuwa nimekunywa. Mungu anajua nilikunywa!
Dumu zima la lita tano, maji matupu,
na kadiri nilivyokunywa
ndivyo kichwa kilivyozidi kuwa chepesi,
vidole vikavimba kwenye breki,
tumbo likachezacheza kama kiriba,
kisha shavu la mguu likajikunja ngumi
likanipiga kutoka ndani.

Nilianguka taratibu, kama mtu anayeomba radhi,
kando ya kichuguu kirefu kuliko mimi.

Kafwimbi aliegemeza kinga yake, akanishika unyayo,
akausukuma kuelekea goti langu, nami nikamtukana mama yake.
Hakujali. "Maji peke yake," alisema,
"ni mgeni asiye na zawadi.
Anaingia, anatoka,
na kila akitoka anabeba kitu chako."
Akafungua kikaratasi.
Chumvi. Chembe nene, chafu kidogo,
imechanganyika na uzi wa mfuko wake.
Na chupa ya munkoyo wa tangu juzi,
mizizi na mahindi, tamu mwanzoni, kali mwishoni.
Nililamba. Nikanywa. Nikalamba tena.
Sikuinuka palepale kama kwenye hadithi:
malori matatu ya shaba yalipita, yakanipaka vumbi jekundu,
ndipo mguu ukafungua ngumi, kidole kimoja kimoja.

Leo ni siku ya kulipa.
Wanaodhani mwili ni punda hawajawahi kukopa kwake.
Ni duka la mkopo:
kila mlima umeandikwa,
na mwenye duka hasahau, hata ukipita njia ya nyuma.
Numbi analipa kwa niaba yangu.
Bukari ya moto, ndakala wenye mchuzi uliokolea,
ndizi mbili zilizoiva hadi madoa,
kisha usingizi wa mchana
ambao jirani yetu Kisimba anauita uvivu.
Mwache. Hajui kwamba nyama ya mguu inashonwa ukilala,
uzi baada ya uzi,
na fundi wake hapendi kuamshwa.

Jana jioni mkojo wangu ulikuwa chai ya rangi.
Asubuhi hii umekuwa maji ya limau.
Nimemwambia mke wangu,
akafurahi kuliko nilipomkabidhi pesa.

Kyungu, kitindamimba, amelivuta shati kwenye waya,
amelamba ukosi, amekunja uso.
"Baba! Kumbe wewe ni ndakala!"

Tumecheka mpaka mguu ukanionya.

Sasa Numbi amechana karatasi ya daftari la Feza,
amekunja ndani yake vijiko viwili,
amefunga ncha kwa uzi wa gunia.
Alhamisi naondoka tena saa tisa za usiku.
Nitakapofika kwenye kichuguu kile
sitangoja ngumi:
nitafungua saba mara nane ya binti yangu,
pale mwalimu alipopitisha kalamu nyekundu,
na nitalilamba kosa lake
hadi kwenye mistari.